Mzigo Hewani

Twiga aliijua habari ya tiketi kutoka kwa mtoto, na hilo ndilo lililomuuma kuliko tiketi zenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Upepo ulikuwa umevuma kwa nguvu tangu asubuhi, na upepo ukizidi kreni hazifanyi kazi, kwa hiyo waendeshaji wote waliruhusiwa kwenda nyumbani. Yeye ndiye aliyeendesha kreni ndefu kuliko zote pale saiti, ile iliyokuwa ikipandisha vyuma vya jengo la ghorofa thelathini. Wenzake walimbandika jina la Twiga kwa sababu ya kazi yake ya kushinda juu, na pia kwa sababu ya shingo yake. Jina lilimfuata mpaka nyumbani, mkewe naye akalichukua.

Siku hiyo aliona ampitie binti yake shuleni, jambo ambalo kazi haikumruhusu kulifanya mara nyingi. Mtoto alikuwa na miaka saba. Nyumbani wote walimwita Somo, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Alitoka darasani amekumbatia kadi kubwa, na walipofika kwenye kona ya duka la dawa akamwonyesha baba yake majina yaliyoandikwa ndani kwa kalamu za rangi. Alisema ni wenzake wa darasani, amewaaga leo.

Twiga akamuuliza amewaaga anakwenda wapi.

"Si tunaondoka Jumamosi, mimi na bibi na mama," Somo akasema. "Bibi amesema nitalala kitanda kimoja na yeye mpaka nizoee." Kisha akamtazama baba yake kwa jicho la pembeni. "Mama alisema atakwambia yeye."

Twiga aliishika kadi ile kwa mkono mmoja na mkono wa mtoto kwa mwingine, wakatembea mpaka nyumbani hivyohivyo.

Fleti yao ilikuwa ghorofa ya nne, vyumba viwili na sebule. Mama yake Twiga alikuwa amekaa kitandani kwa mjukuu wake, anakunja magauni madogo na kuyapanga kwenye begi. Alikuwa amekuja kuwatembelea kwa miezi miwili, na Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa safari yake ya kurudi. Hilo Twiga alilijua. Ambalo hakulijua ni kwamba mama yake hakuwa anarudi peke yake. Alimuuliza. Mama hakuinua uso.

"Muulize mkeo," akasema. "Mimi si msemaji wake. Mimi nakunja nguo tu."

*

Ukitaka kumwelewa mwanamke huyu aliyekata tiketi bila kumwambia mumewe, yafaa kurudi nyuma kidogo.

Baba yake alimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukupata likizo. Alisoma ufundi wa miwani, akaajiriwa kwenye duka moja kule kwao, na kazi yake ilikuwa kusaga vioo mpaka viingie kwenye fremu. Lakini watu hawakuja kwa ajili ya vioo tu, walikuja kumsikiliza. Twiga mwenyewe alifika pale siku ya kwanza akimsindikiza rafiki yake, akarudi kesho yake peke yake, akanunua miwani asiyoihitaji. Aliivaa wiki nzima huku kichwa kikimuuma, mradi apate kisingizio cha kwenda kulalamika.

Walioana. Halafu Twiga akakaa miaka mitatu bila kazi, wakiishi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wakwe zake. Baba mkwe hakuwahi kumtukana. Kila jioni mezani alimuuliza kwa upole, "Mkwe, leo umeshindaje?" na kila mtu pale mezani alijua kwamba ameshinda amekaa. Swali hilo lilimkaba Twiga kuliko tusi lolote. Kampuni ya ujenzi ilipomwita nje ya nchi, hakuuliza ni nchi gani.

Mwaka huu ulikuwa wa sita. Katika nchi ya kwanza walikaa miaka miwili, na Chiriku hakuwa na kazi wala lugha. Katika hii ya pili alianza kwa kufuta vumbi na kuosha vioo nyuma ya duka la miwani, akajifunza neno moja leo na moja kesho, mpaka mwaka uliopita alipokabidhiwa chumba cha kupimia macho. Sasa jengo lilikuwa linaisha. Kibali chao cha kuishi kilifungamana na kazi ya Twiga, na kampuni ilikuwa inahamia nchi ya tatu. Twiga alitakiwa huko awe mkuu wa waendeshaji wote, akae chini afundishe vijana, asipande tena ngazi kila siku. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, na karatasi zilitakiwa kusainiwa Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Chiriku alikuwa amemwambia mara mbili kwamba hataki. Alimweleza kwamba mwalimu wake wa zamani wa ufundi kule kwao amezeeka, anatafuta wa kumwachia meza yake ya kazi. Alimweleza kwamba Somo amesema hatatafuta rafiki huko waendako, maana akishampata watahama. Twiga alisikiliza mara zote mbili, akasema watazungumza. Hawakuzungumza.

*

Chiriku alirudi kutoka kazini saa kumi na moja. Alimwona mumewe amekaa jikoni, kadi ya mtoto ipo mezani mbele yake, akaelewa. Mama mkwe wake alimchukua Somo, akasema wanakwenda kutembea bustanini, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Ungeniambia lini?" Twiga akauliza. "Tukiwa uwanja wa ndege?"

"Leo."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani." Chiriku akaweka mkoba juu ya friji, akabaki amesimama. "Na wewe ungeniambia lini kwamba ulishakubali?"

Twiga akainua macho. Hakutarajia.

"Mke wa bosi wako alikuja kupimwa macho Jumanne," Chiriku akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikupanda hata kidogo. "Akanipongeza. Akasema huko tunakokwenda kuna nyumba zenye bustani. Nikamwambia asante. Kisha nikamwambia asome mstari wa tatu."

Twiga alijitetea. Alisema alikubali kwa mdomo tu, Jumatatu, kwa kuwa bosi alimbana mbele za watu, kwamba hajasaini, kwamba alikuwa anatafuta saa nzuri ya kumwambia. Chiriku akamjibu kwamba na yeye tiketi alizikata Jumatano, naye alikuwa anatafuta saa hiyohiyo. Wakatazamana. Kama wangekuwa watu wawili wengine, pengine wangecheka.

Lakini Twiga alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hachagui neno. Alisema amemkimbia. Alisema mke anayemfungia mtoto nguo mumewe akiwa kazini hana tofauti na mwizi, na kwamba amemtia na mama yake kwenye wizi huo. Chiriku alipokea yote hayo bila kupepesa. Kisha akavuta kiti, akakaa, wakawa uso kwa uso.

"Niambie kweli," akasema. "Nini unachokiogopa kwetu?"

"Huku mimi ni mtu," Twiga akasema. "Nikipanda juu, watu mia mbili wananisubiri niinue ndipo wafanye kazi. Kwetu mimi ni mkwe wa baba yako. Kwetu nitaulizwa nimeshindaje."

"Huku wewe ni mtu," Chiriku akasema. "Sawa. Na mimi ni nani?"

Twiga aliigeuza kadi ya mtoto pale mezani.

"Nimekuwa bubu mara mbili, Twiga. Miaka miwili kule, miwili hapa. Nilikuwa nakwenda sokoni naonyesha vitu kwa kidole kama mtoto. Uliponiuliza jioni siku yangu ilikuwaje, nilisema nzuri, maana sikuwa nimesema na mtu. Sasa nasema na mgeni, naye ananikabidhi macho yake. Unataka nianze tena kuonyesha kwa kidole?"

"Utajifunza. Una akili kuliko mimi."

"Nitajifunza. Halafu jengo litaisha."

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alirudi mapema, labda kwa baridi, labda kwa wasiwasi. Alimpeleka mjukuu chumbani, akaja kusimama kwenye mlango wa jiko akiwa bado na koti lake. Twiga akamgeukia. Akamuuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, kama ni haki mama kumwibia mwanawe familia.

Mama mkwe hakuwa mtu wa mafumbo. Alikiri kwamba amekosea, alipaswa kumwambia. Akasema angekosea tena ikibidi.

"Baba yako alikuwa anarudi mara moja kwa mwaka," akasema. "Mpaka ulipofika miaka mitano ulimwita mjomba. Wageni walicheka. Yeye hakucheka, alitoka akakaa nje. Sikutaka hata siku moja kukwambia jambo hilo."

Twiga alisimama, akachukua koti, akatoka kwenda kutembea. Aliporudi wote walikuwa wamelala, naye akalala sebuleni, miguu ikining'inia nje ya kochi.

*

Ijumaa upepo ulikuwa umetulia. Twiga aliondoka kabla hawajaamka. Chiriku alikwenda dukani kuaga. Wenzake walimpa maua na keki, akashukuru, akakata keki, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa nne na nusu alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha kupimia. Mwenye duka alimwuliza kama anaumwa. Akamjibu kwamba anakwenda kumwambia mumewe neno alilolisahau.

Saiti ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mlinzi wa getini alimzuia. Chiriku akamweleza, kwa lugha ya nchi ile, polepole na kwa adabu, kwamba kuna mtu juu ya kreni anayepaswa kumsikia kabla ya saa sita, na kwamba hataondoka hapo getini hata akiitiwa polisi. Mlinzi akamwita msimamizi, mzee mmoja mnene ambaye Twiga humwita Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni kama mkufu. Filimbi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtafutia kofia ngumu, ikamfunika mpaka nyusi, akampeleka chini ya kreni, akamwekea mkononi redio anayoitumia kuzungumza na waendeshaji. Akamwonya kwamba saiti nzima itasikia. Chiriku akasema hakuna shida, hawataelewa.

Alitazama juu. Kile chumba cha kioo anachokaa mumewe kilikuwa kidogo kama kiberiti. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuja kuona. Akabonyeza kitufe cha redio.

"Twiga. Ni mimi."

Redio ilikwaruza. "Kuna nini? Somo yuko wapi?"

"Mzima. Wote wazima. Nataka kusema nawe."

"Nina mzigo hewani."

"Uteremshe. Nasubiri."

Alisubiri. Juu ya vichwa vya watu, fungu la nondo lilikuwa linazunguka polepole kwenye minyororo. Lilitulia, likashuka mpaka ghorofa ya ishirini na sita, mafundi wakalipokea. Mafundi waliokuwa chini walimtazama mwanamke yule mwenye kofia kubwa, nao wakaacha kugonga.

"Sema," redio ikasema.

"Jana uliniita mwizi. Nimekuja kukwambia kwa nini niliiba." Alishika redio kwa mikono miwili. "Niliogopa utaniomba. Wewe ukiniomba kitu mimi nakubali. Mara ya kwanza uliniomba nikakubali, mara ya pili nikakubali. Hata jana ungeniomba vizuri badala ya kunifokea, ningefungua yale mabegi. Ndiyo maana nilikata tiketi kwanza."

Aliachia kitufe, akasikiliza mkwaruzo, akakibonyeza tena.

"Nakupenda kuliko inavyonifaa. Kwa hiyo naomba usiniombe. Ukiniomba, nitakufuata. Lakini utakayekuwa naye huko siye uliyemwoa. Atakupikia, atakufulia, jioni atakwambia siku ilikuwa nzuri. Nimemaliza."

Alimrudishia Filimbi redio. Filimbi, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliutazama uso wake, akavua miwani akaifuta.

Redio ikasema maneno mawili. "Nashuka mimi."

Ngazi ya kreni ile ilikuwa inachukua dakika kumi na tano kuiteremka. Chiriku alihesabu kila kituo anapopumzika mumewe. Twiga alipokanyaga chini, ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Alikuja mpaka mbele yake, jasho likimtiririka, akamtazama kwa muda kama anayetafuta kitu usoni mwake. Alinyoosha mkono, akaiinua ile kofia ili amwone macho. Chiriku akadhani atamkumbatia.

"Nisubiri hapa," Twiga akasema, akapita, akaelekea ofisini.

Ofisi ya saiti ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha pana. Kutoka pale aliposimama, Chiriku aliona kila kitu isipokuwa maneno. Alimwona bosi akisimama, akitabasamu, akisogeza karatasi. Alimwona mumewe akisema kitu kirefu, na tabasamu la bosi likipotea. Bosi alitembea huku na huku, akagonga meza. Kisha akatoa kalamu mfukoni akampa, na Twiga akainama mezani akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko wa kutia sahihi. Chiriku aliliona hilo, lakini hofu haina hesabu. Moyo wake ulikwisha kuamua kwamba amesaini. Alivua kofia. Alianza kutembea kuelekea getini.

Twiga alimkuta kwenye rundo la mchanga, akamshika kiwiko.

"Nimeandika barua ya kuacha kazi," akasema, akitweta. "Lakini hawaniachii sasa. Lazima nimalize jengo, kreni ifunguliwe vipande vipande, ndipo niondoke. Miezi mitatu. Chiriku, miezi mitatu tu."

Chiriku alimtazama, hajui acheke au alie. Alimuuliza kama bosi amekasirika. Twiga akasema amemwita mpumbavu, na pengine ni kweli. Kisha akasema jambo ambalo lilimgharimu zaidi ya barua ile.

"Kwa baba yako sikai. Chumba kimoja, cha udongo, popote, lakini si kule."

"Nani kakwambia tutakaa kwa baba? Tunakwenda kwa mama yako. Tulishapanga naye."

"Mlishapanga." Alitikisa kichwa. "Nyie wawili mngeiendesha hii kampuni."

Filimbi alipuliza filimbi. Kulikuwa na vyuma vinasubiri kupandishwa, na mwendeshaji alikuwa bado chini.

*

Jumamosi uwanja wa ndege ulijaa. Mama mkwe alikwenda mbele na Somo kupima mizigo, akajifanya hasikii wala haoni. Somo alikuwa amemlilia baba yake usoni na shingoni mpaka kola ya shati ikalowa. Sasa alikuwa amechoka, ameegemea begi.

Chiriku na mumewe walisimama karibu na nguzo. Hawakuwa wamelala vizuri wote wawili, na hasira ya Alhamisi ilikuwa bado haijaisha, imekaa tu pembeni. Wanaume wengi huahidi kwenye nguzo kama ile. Miezi mitatu huwa sita, sita huwa mwaka, na kampuni zinajua kubembeleza. Chiriku aliyajua hayo. Alimwambia asimwahidi kitu.

"Siahidi," Twiga akasema. Akatoa bahasha ndani ya koti. "Shika."

Aliifungua. Ndani mlikuwa na vyeti vyake vya kazi, vyote, vile vya asili vyenye mihuri. Twiga akamweleza kwamba pale kazini wana nakala, zinatosha kumalizia jengo hili. Lakini bila karatasi hizi hakuna kampuni itakayomchukua katika nchi nyingine yoyote, hata ikimbembeleza kwa magoti.

Chiriku alivipitia kimoja kimoja. Alivirudisha ndani ya bahasha, isipokuwa kimoja, kile cha kuendesha kreni ndefu. Bahasha akamtia mumewe mfukoni, akaufunga mfuko kwa kifungo.

"Sitaki mume niliyemfunga kamba," akasema. "Beba vyeti vyako uje navyo, hata kwetu wanajenga."

"Na hicho?"

"Hiki nabaki nacho." Alikikunja mara mbili, akakitia ndani ya pasipoti ya mtoto. "Nakuamini, Twiga. Lakini robo tatu. Robo iliyobaki uje nayo mwenyewe."

Alimshika shavu kwa kiganja, kidogo tu, kisha akauondoa mkono. Twiga alitaka kumjibu, lakini foleni ilisogea, na mkewe akasogea nayo.